Dakika Tano za Mzee Kasonde

Lackson Nzima alikuwa na mkono mwepesi, na watu wote pale kituo cha afya walilijua hilo kwa sababu mwenyewe hakuchoka kuwaambia. Miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi, na miaka kumi na miwili kati ya hiyo ndiye aliyekuwa akiwawekea mpira wa mkojo wazee wa mji wa migodi wa Luanshya ambao tezi dume ilikuwa imewafunga njia. Walikuja kila baada ya wiki nne kubadilishiwa. Waliketi kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja na mfuko wake wa mkojo ameuficha ndani ya mguu wa suruali, wakijifanya wamekuja kupima presha. Chumba chenyewe kilikuwa na pazia la kijani badala ya mlango, na pazia lile lilizuia macho tu. Kila kilichosemwa ndani, benchi lilikisikia.

Mzee Bernard Kasonde alikuwa mchimba shaba mstaafu, Mbemba wa Kasama, mwenye miaka sabini na mmoja. Nzima alikuwa Mngoni wa Chipata. Kwa hiyo walikuwa watani tangu kabla hawajazaliwa. Mababu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawaachia wajukuu haki ya kutukanana maisha yao yote, kazini, sokoni, hata msibani, ambako mtani anaweza kubeba sufuria ya wafiwa na asiulizwe. Wabemba wanasema Wangoni wanakula panya. Wangoni wanasema Wabemba wanakula tumbili. Sharti ni moja tu, hairuhusiwi kukasirika. Mtu mzima akimkasirikia mtani wake, watu humtazama kama aliyejikojolea mbele ya wakwe.

Siku ya kwanza Kasonde aliletwa ameshika tumbo, mkojo umegoma tangu jana yake. Nzima alimtazama tu akajua anatoka wapi.

"Karibu, mzee," akasema kwa sauti ya kufika benchini. "Tumbili gani huyo uliyemla, akakuziba namna hii?"

"Nyamaza, mla panya," Kasonde akajibu huku anatetemeka. "Fanya kazi uliyosomea, kama ulisoma."

Benchi likaanza kucheka. Nzima akachovya ncha ya mpira kwenye jeli, akausukuma. Mzee akapiga ukelele uliofika barabarani kwa wauza nyanya. "Ananiua! Jamani, mla panya ananiua!" Watu wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Mkojo ulipotoka, na nafuu ikaja, Kasonde naye akacheka, na machozi yakamtiririka. Nzima aliyaona yale machozi. Akayachukulia kuwa ya kicheko.

Sasa tuseme ukweli kabla hatujaenda mbali, maana hadithi hii haina haja ya kumficha mtu. Jeli ile ina dawa ya ganzi. Haikutengenezwa ili mpira uteleze tu. Unaiingiza taratibu kwenye njia ya mkojo, unaishikilia isitoke, unasubiri dakika tano nyama ife ganzi, ndipo unaingiza mpira. Nzima alilijua hilo kama anavyojua jina la mama yake. Aliwafundisha wanafunzi wa uuguzi kila mwaka, akigonga meza kwa kidole: dakika tano, wala si mbili. Na kwa wagonjwa wengine alifanya hivyo hivyo. Mwalimu Siame, aliyeketi benchi lile lile, alitiwa dawa, kisha wakazungumza habari za mpira wa miguu mpaka muda ukatimia. Mwalimu alitoka pale anapiga mluzi.

Kwa Kasonde hakusubiri hata mara moja. Benchi lilikuwa limeshaanza kucheka, na dakika tano za kimya zingeua kicheko chote. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, nyingine haikuwepo.

Mara ya pili, wazee waliokuwa wamemaliza shughuli zao walibaki kusikiliza. Mara ya tatu alikuja hata mtu asiye mgonjwa. Nzima hakuwaangusha. "Leo tumbili amekuja kwa miguu yake mwenyewe," akasema, na nyuma ya pazia Kasonde akaporomosha matusi kuanzia panya wa Chipata mpaka babu wa babu yake Nzima, matusi matamu, yenye ufundi, yakikatizwa na vilio. Nzima alirudi nyumbani siku hiyo akamsimulia mkewe, akaigiza na sauti.

Mara ya nne ilipofika, Kasonde hakuja.

"Amekimbilia porini kwa ndugu zake," Nzima akaliambia benchi, na benchi likacheka.

Wiki moja ikapita, ikawa mbili, ikawa tatu. Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, mke wa Kasonde akaingia peke yake. Watu walimwita Bana Chileshe, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mwanamke mfupi, mtaratibu, na chitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini.

"Bana Chileshe," Nzima akasema, "umemficha wapi tumbili wangu?"

Mama hakucheka. "Nataka kusema na wewe mahali pasipo na watu."

Wakaingia stoo ya dawa. Nzima akafunga mlango, na tabasamu bado alikuwa nalo, hajui aliweke wapi.

"Nimekuja kuomba kitu kimoja," mama akasema. "Nataka mume wangu abadilishiwe mpira na muuguzi mwingine."

"Kwani mimi nina nini?"

"Leo ni siku ya tatu ana homa. Mkojo haushuki tena vizuri, unapita pembeni ya mpira, na unanuka. Ule mpira unakwenda wiki ya saba. Nikimwambia twende kliniki anageukia ukutani. Anasema afadhali afe kitandani kwake."

Nzima alisahau utani papo hapo. Homa, mpira wa wiki saba, mkojo wenye harufu. Watu hufa kwa hayo, tena upesi. "Mama, kwa nini hakusema kama inamuuma kiasi hicho?"

"Alisema."

"Hakuniambia."

"Alikwambia mara tatu unamuua. Wauza nyanya walisikia. Wewe hukusikia?"

"Ule ulikuwa utani, mama."

"Utani wako." Akajifuta maji ya mvua usoni. "Yeye angefanyaje? Akukasirikie? Watu wangesema mzee Kasonde amekuwa mtoto, hajui utani. Akushitaki kwa wakubwa wako? Angesema nini, kwamba Mngoni amemtania? Yule mtu amekaa chini ya ardhi miaka thelathini na moja. Jiwe lilimvunja mguu, nikamkuta hospitali hajatoa hata sauti. Kwako alikuwa anatukana ili watu wadhani anacheza. Akirudi nyumbani anakaa kwenye beseni la maji ya moto, hataki nimtazame."

Nzima akaegemea rafu ya dawa.

"Siku tatu kabla ya tarehe yako huwa hapati usingizi," mama akaendelea. "Ameacha kunywa maji. Hata togwa ya munkoyo, ambayo kila siku nampikia, haigusi. Anasema asipokunywa hapatakuwa na mkojo, na pasipokuwa na mkojo hapatakuwa na Nzima." Kisha akauliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko makelele. "Mwalimu Siame anasema kwake unatia dawa kwanza, mnakaa mnaongea, halafu hasikii kitu. Mume wangu alidhani mwalimu anaringa. Ni kweli?"

Kulikuwa na majibu mengi ya kujitetea. Angeweza kusema foleni ilikuwa ndefu. Angeweza kusema kila mwili na maumivu yake, jambo ambalo wauguzi husema wakibanwa. Akayapitia yote kichwani akaona hakuna hata moja analoweza kulitamka mbele ya yule mama.

"Ni kweli," akasema.

"Dawa hiyo kwa mume wangu ilikuwa imekwisha?"

"Haikuwa imekwisha. Ni hiyo hiyo."

Bana Chileshe akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Hakumtukana. Nzima alitamani amtukane, kwani tusi angalau mtu hulipokea na kulijibu. Aliona aibu imempanda mpaka masikioni, aibu ya utotoni, ile ya kukamatwa mkono ukiwa ndani ya chungu. Akamkumbuka mkewe akicheka siku ile alipoigiza vile vilio, akataka ardhi ya stoo ile immeze.

Muuguzi mwingine aliyejua kazi hiyo alikuwa Ndola kwenye mafunzo mpaka Ijumaa. Gari la kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa lingepatikana alasiri, lakini mpira ule uliooza haukupaswa kungoja mpaka huko. Nzima akamwambia mama yote hayo bila kuzunguka.

"Ijumaa ni mbali," mama akasema. Akamtazama sana. "Basi njoo wewe. Lakini mdomo wako uache hapa."

Walitembea chini ya mwavuli mmoja bila kuzungumza. Nyumba ilikuwa ile ya kampuni ya zamani ya mgodi, vyumba viwili na baraza. Kasonde alikuwa kitandani, amekonda, midomo imekauka na kupasuka. Alipomwona Nzima mlangoni na mkoba wake, akajikongoja kuinua kichwa.

"Mla panya," akasema kwa sauti ndogo, "umefuata harufu."

Majibu ishirini yalimjia Nzima mara moja, yote mazuri. Akayameza. "Mzee, nimekuja kukuomba radhi."

Uso wa Kasonde ukabadilika. "Usiniombe radhi."

"Nilikukosea."

"Nimesema usiniombe radhi. Ukiniomba radhi, itakuwa ni kweli ulinitesa. Tutukane tu, yaishe."

"Ni kweli nilikutesa," Nzima akasema. "Kuna dawa ya kusubiri dakika tano. Wenzako niliwasubirisha. Wewe sikukusubirisha."

Mzee alipumua kwa taabu. Nje mvua iligonga bati. "Uliisahau?"

"Hapana."

"Kulikuwa na wagonjwa wengi?"

"Hapana, mzee. Nilikuwa nawahi kicheko."

Nzima hakujua kama mtu anaweza kusema maneno kama hayo na bado akabaki amesimama. Kasonde alimtazama kitambo kirefu, macho yamejaa homa. Yule mtu aliyekuwa akimtukana kwa ufundi hakuwemo tena machoni mle. "Toka nyumbani kwangu," akasema, akageukia ukutani.

Bana Chileshe akasogea kutaka kusema, Nzima akamzuia kwa mkono. Akapiga magoti kando ya kitanda, sakafuni, ili asiongee akiwa juu ya mtu.

"Nitatoka, mzee. Kama unataka nitoke sasa, natoka. Lakini sikia kwanza nilichokuja kufanya. Mpira huu ukibaki mpaka kesho, sumu itaingia kwenye damu, na kufa huko si kufa kwa usingizi. Nitautoa polepole. Nitatia dawa. Itakuwa baridi, na mwanzo itachoma kidogo, kisha itatulia. Nitasubiri dakika tano, na saa utashika wewe mwenyewe. Huamini saa yangu, tumia ya kwako. Ukisema acha, naacha, hata kama imebaki kidogo sana."

Mgongo wa mzee haukusogea.

"Bashi Chileshe," mkewe akasema taratibu, akimwita kwa jina la mwana wao, "mimi bado nakuhitaji."

Kisha sauti ikatoka ukutani. "Mgodini, baruti ikishalipuka tulikuwa tunahesabu. Hakuna aliyeingia kabla muda haujatimia. Hata bosi." Akageuka. "Nipe saa."

Nzima akaivua ya mkononi akampa. Akanawa kwa maji moto aliyoletewa, akavaa glavu, akatandika kitambaa safi. Maji ya puto linaloshikilia mpira ndani hakuyavuta kwa nguvu kama alivyozoea, aliweka bomba la sindano akaliacha lijae lenyewe. Mpira ulipotoka ulikuwa na ukoko, na harufu ikajaa chumba. Mzee akafumba macho kwa fedheha. Nzima akaufunika upesi asiuone.

"Sasa natia dawa," akasema.

Kasonde akasaga meno. "Inachoma."

"Itatulia. Hesabu."

Dakika tano ni nyingi mno mtu akizikalia kimya. Nzima alikuwa ameshikilia dawa isitoke, hawezi kwenda popote, hawezi hata kutazama pembeni. Kila mara ulimi wake ulitaka kurusha neno la kuchekesha, kama mguu uliozoea kucheza ngoma. Aliuzuia. Kwa ukaribu ule alimwona Kasonde kwa mara ya kwanza: kovu la mgodini shingoni, kidole gumba kinachofuata mshale juu ya kioo cha saa, na mapaja yaliyokakamaa yakingoja kuumizwa. Mapaja yale yalimfundisha zaidi ya masomo yote aliyowahi kufundisha yeye. Hivi ndivyo mwili ulivyokuwa ukimngoja kila mara, naye hakuutazama.

"Tayari?" akauliza, maana alihisi muda umetimia.

"Bado. Sekunde arobaini."

Wakazingoja zote arobaini.

"Haya," mzee akasema, akafumba macho, akashika mkono wa mkewe.

Nzima akaingiza mpira mpya, polepole, akitaja kila hatua. Ulifika kwenye tezi ukagoma. Hapo ndipo mkono wake mwepesi ulipokuwa ukisukuma, na hapo ndipo ukelele ulipokuwa ukitoka. Akasimama. "Vuta pumzi, mzee. Itoe polepole. Sasa jaribu kama unataka kukojoa." Kasonde akapumua, akajaribu. Mpira ukapita wenyewe. Mkojo mzito, wa rangi ya chai ya maziwa, ukaanza kushuka kwenye mfuko.

Mzee alikuwa bado amefumba macho, bado anangoja. "Umeanza?" akauliza.

"Nimemaliza."

Akafumbua macho. Akautazama mfuko ukijaa, akamtazama mkewe, kisha akamtazama Nzima, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua kwamba miaka yote mlango haukuwa umefungwa. "Kumbe hivi," akasema. "Kumbe wenzangu ndivyo hivi." Akaanza kulia. Hakuwa na maumivu yoyote wakati ule, na Nzima hakuweza kujidanganya tena kuhusu machozi yale ni ya nini. Bana Chileshe alitazama dirishani. Nzima akakusanya vifaa vyake, naye akainamisha uso juu ya mkoba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Gari lilikuja alasiri. Kasonde alilazwa siku sita, akachomwa sindano za kutosha, homa ikamwachia. Nzima alikwenda kwa mkubwa wake akaeleza kila kitu, akapewa onyo la maandishi, na akaona ni dogo. Pazia la kijani likaondolewa, ukawekwa mlango wa mbao. Benchi likanung'unika kidogo kisha likazoea.

Wiki nne zilipotimia, Mzee Kasonde akaja kwa miguu yake. Alikuwa amenyoa, amevaa koti. Wazee wakasogeana kumpisha, wakatazamana, wakakaa mkao wa kungoja. Nzima alitoka mlangoni akasimama kama mwanafunzi anayengoja jina lake lisomwe. Alitaka kutukanwa. Asubuhi yote alikuwa akijiambia kwamba mzee akimwita mla panya, hata mara moja, hata kwa hasira, basi kuna kitu kitakuwa kimebaki. Alikuwa tayari kulipokea tusi lolote, la mama, la ukoo, asilijibu.

Kasonde akavua kofia. "Habari za asubuhi, bwana Nzima," akasema. "Naomba huduma."

Mwalimu Siame akajaribu kuokoa mambo. "Mzee Kasonde, vipi leo? Humwoni mla panya wako?"

"Namwona," Kasonde akasema, kwa heshima zote. "Ni muuguzi."

Hakukuwa na chuki katika sauti yake. Angalau chuki ingekuwa na joto. Alisema vile mtu anavyomsemesha karani wa posta, au mtu wa kabila la Lozi, au mgeni yeyote aliyekutana naye njiani ambaye mababu hawakuwaachia cha kutaniana. Tangu vita viishe hakuna Mngoni aliyenyimwa tusi na Mbemba, na Nzima alikuwa amesimama mbele ya watu tisa akinyimwa, kila mmoja wao akijua, na hakuna aliyecheka.

"Nzuri, mzee," akasema. Akamfungulia mlango, akasimama pembeni ili apite kwanza. "Karibu ndani."

"Asante," Kasonde akasema, na ndivyo alivyoendelea kusema kila baada ya wiki nne, mpaka alipokufa.